Tela Lisilo na Sakafu

Baba yangu alikuwa akimtilia Fundi sukari kwenye chai kwa mkono wake mwenyewe: vijiko viwili na nusu, bila kuuliza. Mimi ni mwanawe wa pekee, nilifanya naye kazi chini ya paa moja miaka kumi na moja, na hadi anafariki sidhani kama aliwahi kujua kwamba chai mimi naipenda bila sukari.

Naanza na sukari kwa sababu siwezi kumweleza Fundi kwa haki bila kusema kwanza nilikuwa nimesimama wapi nilipokuwa namtazama. Nilikuwa nimesimama pembeni, na nilikuwa namwonea wivu. Wivu wa mwanamume kwa mwanamume mwenzake aliyempita umri, asiyemzidi cheti, wala asiyekuwa ndugu yake. Kwa hiyo mtu akisoma haya akaona namsifu, ajue sifa hizo zimenitoka kwa taabu.

Karakana yetu ilikuwa mtaa wa Gerezani, nyuma kidogo ya vurugu za Kariakoo. Baba alitoka Kilimanjaro akiwa kijana, akaanza na mashine moja ya kuchomelea, akitengeneza mageti na madirisha. Baba alimkuta Fundi humo humo, au Fundi ndiye aliyemkuta Baba. Kila mmoja alikuwa na namna yake ya kulisimulia jambo hilo, na wote wawili walicheka walipofika sehemu ambayo mimi sikuielewa. Jina lake tulilijua, lakini hakuna aliyelitumia. Mama ntilie aliyetuletea chakula alimwita Fundi, wasukuma mikokoteni walimwita Fundi. Karakana ile ilikuwa na mafundi sita, nami nikiwa mmojawapo, lakini ukisimama mlangoni ukaita “Fundi!” aliyegeuka alikuwa mmoja tu, na sisi watano tuliendelea na kazi.

Alikuja asubuhi amevaa shati lililopigwa pasi, akalitundika kwenye msumari wake, akavaa ovaroli. Jioni alinawa kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka viwiko, akavaa tena lile shati, akatoka kama karani wa benki. Hakupenda kelele, akafanya kazi miaka yote kwenye kelele. Alikuwa mtu wa swala tano, lakini kwenye drafti aliiba kete mchana kweupe, na ukimshika aliapa kwamba macho yako yana matatizo. Timu yake ilikuwa ya pale Jangwani, na kila ilipofungwa alikuja kazini akidai kichwa kinamuuma. Baba, ambaye hakuvumilia visingizio vya mtu yeyote, alimtuma mtu akamnunulie dawa.

Mimi aliniita “mwanachuo.” Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, nina stashahada yangu ya mitambo imewekwa kwenye fremu nyumbani kwa mama. Kila asubuhi nilimwamkia, “Shikamoo, Fundi,” naye akaitikia, “Marahaba, mwanachuo.” Hakulitamka kwa dharau, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu akikudharau unajua la kufanya. Yeye alilitamka kama mtu anayekutakia heri katika jambo ambalo bado hujalianza.

Habari ya matela ilianza kipindi kile cha ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kabla ya hapo tulikaa miezi tukisubiri kibali cha vyuma. Mara bandari ikaanza kutapika makontena, na maduka ya Mchafukoge yakajaa vitu ambavyo tulikuwa tumevisahau. Mmoja wa wenye maduka hayo alikuwa Kantibhai, Mhindi aliyezaliwa ghorofani juu ya duka lile lile alilokuwa akiuzia. Yeye aliagiza waya za umeme, zile nene za kufukia ardhini. Zilikuja zimezungushwa kwenye madramu ya mbao, mengine yamempita mtu urefu, kila moja lina uzito wa tani na zaidi. Winchi haikuweza kuingia kwenye vichochoro vile vilivyojaa meza za wachuuzi. Kwa hiyo vibarua waliyasukuma madramu barabarani kwa mitaimbo, mmoja akitangulia kupiga kelele watu wapishe. Siku moja dramu liliwaponyoka, likaingia kwenye duka la vitenge. Kesho yake Kantibhai alikuja Gerezani kumwomba Baba amtengenezee kitu cha kuyabeba.

Nilifurahi sana. Niliona hii sasa ndiyo kazi ya chuo. Nilikaa siku nne na rula na penseli, nikachora tela imara lenye sakafu ya chuma, ngazi ya kupandishia na roda ya kuvutia mzigo. Nilikokotoa kila kitu. Baba alitandaza karatasi zangu juu ya meza, akaziangalia kwa heshima, akasema ni kazi nzuri. Kisha akaita, “Fundi, njoo uone.”

Fundi alifuta mikono, akaziangalia karatasi zangu kwa muda mrefu. Hakusema kitu kibaya. Alimgeukia Kantibhai akamuuliza swali moja: tundu la katikati la dramu, ambalo yeye aliliita kitovu, lina upana gani? Kantibhai hakujua. Mimi pia sikujua. Katika siku nne sikuwa nimefikiria kwenda kulipima. Fundi alivaa shati lake, akaenda Mchafukoge kwa miguu, akarudi na kipande cha kamba alichokifunga fundo. Akachuchumaa, akachora sakafuni kwa chaki.

Tela lake halikuwa na sakafu. Lilikuwa mikono miwili ya chuma iliyounganishwa mbele, wazi kwa nyuma, tairi moja kila upande. Unalirudisha nyuma mpaka dramu linaingia katikati ya ile mikono. Unapitisha shafti, yaani bomba nene la chuma, kwenye kitovu cha dramu, kisha jeki mbili zinainua ncha za shafti, moja kulia na moja kushoto, na kila upande unafungwa kwa pini ili shafti isiruke. Basi. Dramu linabaki linaning’inia sentimita chache kutoka ardhini. Hakuna ngazi wala kundi la vibarua. Na ukifika kwenye mtaro unavuta ncha ya waya tu, dramu linazunguka lenyewe pale pale kwenye tela.

Baba alisimama juu ya mchoro ule wa chaki akatabasamu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na tabasamu lile nilikuwa sijawahi kulipata.

Kwa haki, nami nilipewa nafasi. Baba alisema tutengeneze matela yote mawili. La Fundi lilimalizika kwa wiki tatu, kwa ekseli ya lori bovu na vyuma chakavu. Langu lilichukua miezi miwili. Tulipolijaribu, watu wanane walisukuma dramu juu ya ngazi yangu wakitokwa na jasho, na mmoja nusura avunjike mguu. Hakuna aliyecheka. Fundi mwenyewe alikuwa miongoni mwa wale wanane, bega lake likiwa karibu na langu. Baadaye tela langu likatumiwa kubebea mbao, na lile la Fundi likawa linajulikana Kariakoo nzima. Likipita, wachuuzi waliondoa meza zao wenyewe ili waone. Yeye alikaa nyuma ya Landrova iliyolivuta, akiangalia mzigo badala ya njia, akimwongoza dereva kwa kugonga bodi kwa kiganja: kofi moja simama, makofi mawili twende. Dereva nilikuwa mimi. Miaka ile yote nimeendesha gari kwa makofi ya Fundi.

Sitaki aonekane malaika. Alikuwa mbishi. Kusifia hakujua kabisa. Kazi ikiwa nzuri aliiangalia akaondoka. Mara moja nilichomelea kiungio cha mbele cha tela la pili la mtindo wake kwa namna ambayo najua hakuna fundi pale ambaye angeifikia. Alipitisha kidole pale nilipochomelea, mwanzo mpaka mwisho, akaenda kunywa maji. Nilimchukia wiki nzima. Na alikuwa mwoga wa maofisa: mtu yeyote mwenye faili mkononi alimfanya Fundi ajifiche stoo mpaka aondoke. Baba ndiye aliyesimama mbele kuwajibu, na nadhani alifurahi kuwa na mtu wa kumkinga. Mimi sikuwahi kuhitaji kukingwa na faili. Hata hilo nililiona kama hasara yangu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo nimelizunguka vya kutosha.

Kantibhai alikuwa ameuza dramu kubwa kuliko yote tuliyowahi kubeba kwa watu waliokuwa wakifukia waya Magomeni. Asubuhi ile tulikuwa kwenye stoo yake Mchafukoge, Baba naye alikuja kushuhudia. Nilikuwa nimeinama nafunga jeki ya kushoto. Fundi alikuwa upande wa kulia. Ndivyo tulivyogawana siku zote, yeye kulia, mimi kushoto. Kantibhai akamwambia Baba kwamba ana bahati kuwa na mtu kama huyu, na Baba, bila kujua kwamba nasikia, au labda akijua, akamjibu:

“Huyu ndiye karakana yenyewe. Wengine tunapokea simu tu.”

Pini ya kushoto ilikuwa mkononi mwangu. Niliiweka mfukoni.

Nilichotaka ni kitu kidogo. Nilitaka gari liking’oka pale, shafti iruke, dramu lidondoke hicho kimo cha kiganja mpaka chini, mbele ya Baba na Kantibhai, nao waone kwamba tela la Fundi nalo linaweza kuaibika. Sikufikiria zaidi ya hapo. Fundi aliuliza kutoka upande wake:

“Kushoto tayari?”

“Tayari,” nikamjibu.

Gari liling’oka taratibu, na shafti haikuruka. Tulitoka Mchafukoge, tukakata Kariakoo katikati ya watu, na dramu lilitulia mahali pake kama mtoto mgongoni. Nilikuwa na nafasi nyingi za kusimama. Ningeweza kusema nakagua tairi, nikashuka, nikaitia ile pini. Nilisimama mara mbili kupisha mikokoteni, na mara zote mbili nilishika usukani kwa mikono miwili nikasubiri makofi. Yalikuja, nikaendelea. Niseme nini? Kila hatua tuliyokwenda salama ilikuwa inanidhihirishia kwamba hata bila pini tela la Fundi lilikuwa bora kuliko langu, na hata hilo liliniuma.

Tulipopita Fire, kwenye kituo cha zimamoto, na kuanza kuteremka kwenda bonde la Jangwani, gari likadunda kwenye shimo. Nikasikia chuma kinaruka. Upande wa kushoto wa dramu ulidondoka, likajipinda, likatoka lote kwa nyuma, likaanza kuviringika kando ya barabara, taratibu kwanza. Chini kidogo akina mama watatu walikuwa wamekaa na majiko yao wakichoma mihogo, wametupa mgongo.

Fundi aliruka kutoka garini kabla sijasimama. Alichukua gogo tulilokuwa tukilitumia kuzuia tairi, akalikimbiza lile dramu, akalipita, akaliwekea gogo mbele kwa mkono wa kushoto. Dramu lilipanda juu ya gogo, likasita, likalala kwa ubavu kwenye ukingo wa mtaro. Mkono wake ulikuwa chini yake. Hakupiga kelele. Aliniita tu, “Mwanachuo, lete mtaimbo,” kwa sauti ile ile ya kila siku, na mimi nilikimbia na mtaimbo nikiwa nalia.

Alipoteza vidole viwili, na cha tatu kilibaki kigumu kisichokunjika.

Alilazwa wiki sita. Baba alikwenda kumwona kila siku jioni, muda wa kuona wagonjwa ulipofunguliwa. Mimi niliendesha gari, nikamfuata mpaka wodini. Siku mbili za kwanza, kila nilipokaribia kitanda walinyamaza. Siku ya tatu Kantibhai alikuja kumjulia hali, akauliza kilichotokea, na Fundi akamwambia mbele yetu wote kwamba pini ya kushoto aliisahau yeye; alimwambia mwanachuo amwachie afunge mwenyewe, kisha akasahau. Alilisema akitazama dari. Kantibhai akasikitika, akasema hata mwenye ujuzi husahau.

Nilijiambia kwamba nitamwambia Baba tukifika nyumbani, kisha kwamba nitamwambia Jumapili baada ya ibada. Na huku nikijiambia hivyo niliendelea kumwona Baba akimmenyea Fundi machungwa, akimkunjia mto, wakiongea kwa sauti ya chini muda wote wa kuona wagonjwa mpaka muuguzi anapokuja kututoa. Kwangu Baba hakuwa na maneno ya kujaza hata dakika kumi. Ni aibu kuandika, lakini nimeahidi kusema nilikosimama: niliuonea wivu ule mkono uliofungwa bendeji. Niliona nimemwumiza mtu, na matokeo yake ni kwamba anapendwa zaidi.

Fundi alirudi kazini, lakini mkono haukuweza tena kushika vizuri. Akawa anakaa kwenye stuli nyuma yangu, anasema, mimi nafanya. Alinifundisha kila kitu alichokijua, bila kunificha na bila kunisifia. Tulitengeneza matela tisa kwa mtindo huo, kwa mikono yangu na akili yake, na mtaani yote yaliitwa matela ya Fundi. Kuhusu Jangwani hatukuwahi kuzungumza.

Baba alipofariki, Fundi alisimama makaburini mpaka watu wote walipoondoka. Mwezi uliofuata aliniaga, akasema amechoka, anahamia Kigamboni kwa binti yake. Nikabaki na karakana. Baadaye pale Gerezani pakauzwa, ghorofa likapanda, nami nikahamishia kazi kwingine. Miaka ikapita, mingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Nilimwona tena Feri, asubuhi, kwenye soko la samaki. Nilikwenda kununua changu wa sherehe ya ubarikio wa mjukuu wangu. Alikuwa amekaa juu ya kreti tupu, shati limepigwa pasi, akimsubiri binti yake aliyekuwa akibishana na muuza pweza. Alikuwa amekonda, nywele zote nyeupe. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama kwanza usoni kisha mikononi, akacheka. Akasema mikono yangu sasa inafanana na ya fundi.

Nilikaa kwenye kreti la jirani. Nikaona nikiinuka pale bila kusema sitasema tena.

“Fundi, ile pini sikuisahau. Niliitia mfukoni.”

Hakushtuka. Alimwangalia binti yake kwanza, kama anayepima ana muda gani.

“Najua,” akasema. “Na baba yako alijua.”

Akanieleza polepole. Jioni ile ya kwanza hospitali Baba alimuuliza nani alikuwa kushoto, naye akamwambia ukweli, kwa sababu alikuwa na maumivu na alikuwa na hasira na mimi. Kisha Baba akamwomba alichukue kosa lile liwe lake. Fundi alikataa. Siku ya pili Baba akamwomba tena, akakataa tena. Alimwambia mkono ulioumia ni wake, si wa mtu mwingine.

“Siku ya tatu alipiga magoti,” Fundi akasema. “Kabla hujaingia, baba yako alipiga magoti pale wodini, watu wanamwona. Akaniambia, mwanangu huyu namjua, akibeba jambo hili ataacha kazi, ataondoka, na mimi nitabaki sina mtoto. Niachie mtoto. Basi, nikamwachia.”

Muuza samaki aliniita kuniambia changu wangu wapo tayari. Nikamwashiria asubiri.

Nilimuuliza Fundi zile wiki zote sita, kila jioni, walikuwa wanaongea nini. Nilidhani wanapanga mambo ya karakana.

“Karakana ya nini?” akasema. “Tulikuwa tunakuzungumza wewe.”

Alisema Baba hakujua namna ya kukaa na mimi. Alikuwa akimuuliza yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshinda na mimi kutwa: nikifanya kazi nafurahi? Nikikosea nasema nini? Siku moja Fundi alimweleza jinsi nilivyochomelea kile kiungio cha mbele, na Baba akamwomba amweleze tena, tangu mwanzo.

Nilitaka kujisikia nimesamehewa, lakini kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa wivu, ule ule, haukuwa umezeeka hata kidogo: kwamba maneno ya Baba juu yangu alikuwa nayo yeye, amekaa nayo ng’ambo ya maji miaka yote hii, na mimi sikuwa na hata moja.

Binti yake alirudi na pweza kwenye mfuko, akasema pantoni inakaribia kuondoka. Fundi akamwambia watapanda ijayo. Akasogeza kreti lake karibu na langu, akaniuliza nataka aanzie jioni ipi. Nikamwambia ya kwanza.